Kufufua, Kuhuisha au Kutia Mwendo? Istilahi za Picha za Wazee Wetu

Tangu mwaka 2021 umeenea ufundi mpya unaohusu picha za zamani za familia, nao umewaletea wafasiri wa Kiswahili swali lisilo na jibu moja. Mtu huichukua picha ya marehemu babu yake, akaipitisha katika programu ya kompyuta. Baada ya muda mfupi babu huonekana akipepesa macho, akigeuza kichwa na kutabasamu. Kitendo hicho tukiiteje? Wako wanaosema picha "imefufuliwa", wengine "imehuishwa", na wengine "imechezeshwa". Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo, kwani tofauti iliyopo kati yao si ya ladha ya lugha tu, bali ni ya habari anayopewa msomaji.

Jambo lenyewe

Hatuwezi kulipa jambo jina kabla ya kulifahamu. Programu iliyoueneza ufundi huu yaitwa Deep Nostalgia. Ilitolewa Februari 2021 na MyHeritage, kampuni ya Israeli inayoshughulika na nasaba, kwa kutumia ufundi wa kampuni nyingine ya nchi hiyo, D-ID. Kazi hupita katika hatua tatu. Kwanza, uso hutafutwa katika picha na kusafishwa ili uonekane wazi. Pili, huchaguliwa filamu fupi iliyotayarishwa kabla, ambamo mtu mwingine amerekodiwa akigeuza kichwa na kupepesa macho. Tatu, mwendo wa mtu huyo huhamishiwa katika uso ulio pichani. Yale ambayo picha haikuyaonyesha, mathalani meno yaliyo nyuma ya midomo iliyofumbwa, hubuniwa na kompyuta kwa kukisia kutokana na nyuso nyingi ilizofundishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sura ni ya marehemu, lakini mwendo ni wa mtu baki. Tabasamu lile si la babu. Wazee waliopigwa picha katika studio za mwishoni mwa karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes mjini Unguja, aghalabu walitulia tuli mbele ya kamera, kwa kuwa vyombo vya siku hizo vilitaka hivyo na heshima ya tukio ilitaka hivyo. Utulivu ule ni sehemu ya ushahidi wa picha. Ukiondolewa, msomaji hana budi kuambiwa kwamba umeondolewa.

Kuyapima maneno

"Kufufua" ni kumrudishia uhai aliyekufa. Neno hili lina uzito wa imani kwa Waislamu na kwa Wakristo, na katika nchi zetu uzito huo haukomei hapo. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliyatumia maneno yetu "sasa" na "zamani" kueleza kwamba marehemu ambaye bado anakumbukwa kwa jina yumo katika sasa ya jamaa zake. Palipo na ukaribu wa namna hiyo, kusema kwamba mashine imemfufua mzee kwaweza kumfariji mmoja na kumuudhi mwingine, na kote kuwili kutakuwa kumesemwa lisilo kweli.

"Kuhuisha" ni jamaa ya "hai" na "uhai", na nomino yake "uhuishaji" imekwisha kuzoeleka kwa filamu za katuni. Huko halina madhara: sungura wa kuchorwa hakupata kuishi, wala hakuna anayedanganyika. Matatizo huanza linapohamishiwa kwa mtu aliyewahi kuishi. Tena, maofisini "kuhuisha" hutumika kwa maana ya kufanya upya, kama vile kuhuisha taarifa au leseni. Karani akisoma "picha iliyohuishwa" aweza kudhani kwamba picha imekarabatiwa tu.

"Kuchezesha" lina mzaha ndani yake, nalo halifai kwa marehemu wa watu.

Sisi twaona kuwa "kutia mwendo" ndiyo istilahi ifaayo. Kitenzi "tia" hutangaza kwamba kilichoongezwa kimetoka nje: twatia chumvi mchuzini, twatia rangi nguo, twatia sahihi barua. Msomaji anayeambiwa kwamba picha nyeusi na nyeupe "imetiwa rangi" hudhani mara moja kuwa rangi haikuwamo. Na mwendo ni vivyo hivyo. Wako watakaosema kwamba istilahi ya maneno mawili ni ndefu. Lakini "kutia sahihi" na "kutia nanga" hazikumshinda mtu, na kama tunavyosema "utiaji sahihi" twaweza kusema "utiaji mwendo".

Istilahi tunazopendekeza

Picha mnato: picha isiyo na mwendo, kama ilivyotoka kwa mpiga picha.

Picha iliyotiwa mwendo: picha mnato iliyopewa mwendo kwa kompyuta.

Filamu kiongozi: filamu fupi ya mtu mwingine ambayo mwendo wake huhamishiwa katika picha.

Kutia sauti: kuifanya picha ionekane inasema. Mwaka 2021 kampuni tuliyoitaja iliacha kusudi jambo hili ili kuzuia udanganyifu. Mwaka 2022 ikatoa picha zinazosema.

Video ghushi: video iliyotengenezwa ili watu waamini kwamba fulani alitenda au alisema jambo asilolitenda wala kulisema. Istilahi hii isichanganywe na picha iliyotiwa mwendo, kwani kughushi kuna nia ya kudanganya.

Matumizi

Mtunza nyaraka, mwalimu wa historia na mhariri wana wajibu mmoja: kuhifadhi picha mnato na kuandika chini ya ile nyingine maneno ya wazi, mathalani, "Picha ya mwaka 1938, imetiwa mwendo mwaka 2023". Mwanafunzi aliyeona tabasamu darasani atalikumbuka kuliko maelezo yoyote. Asipoambiwa kwamba limetiwa, atakua akiamini kwamba ndivyo babu yake alivyotabasamu, naye atawasimulia hivyo wanawe.