Shamba la shosho likiuzwa, hama na mti wake

Huku Molo na Njoro mashamba yanakatwa ploti, na miplamu ya zamani inaenda nayo. Ukidhani utaiokoa kwa kupanda mbegu ya tunda lake, pole: mche wa mbegu mara nyingi haumfuati mamake, na utangoja miaka ndipo ujue. Kinachobeba utamu uleule ni kijiti.

Kata kijiti cha unene wa penseli msimu wa baridi, kama Julai, kabla macho hayajafumuka. Kichonge, ukipachike kwenye mche wa pichi wenye unene sawa. Ile ngozi ya kijani chini ya gome lazima iguse nyenzake. Funga kwa ukanda wa nailoni, hewa isiingie.

Unaishi ploti ya kukodi mjini Nakuru? Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini yatosha kuanzia: udongo, samadi iliyooza, mchanga kiasi. Mizizi ikibanwa mti hubaki mfupi, ila ndoo hukauka haraka, kwa hivyo usisahau maji. Hautajaza kreti, lakini lendilodi akipandisha kodi, unabeba ndoo yako unahama. Siku ukinunua shamba, vijiti vya kupandikiza unavyo tayari.