BARAZA HUZIMA MOTO KABLA HAUJAWAKA



Kwetu ni Longech, pale ambapo ulimi wa mchanga umeingia Ziwa Turkana karibu na Kalokol. Leo sitaandika juu ya samaki. Nataka tuelezane habari ya kitu ambacho kila shule inacho, ipende isipende, nacho ni mazoea yake.

Kuna shule ambayo mgeni akiingia langoni, hata mwanafunzi mdogo kabisa humwamkia na kumpeleka ofisini. Kuna nyingine ambayo mwanafunzi akiliona gari la mwalimu mkuu huzunguka nyuma ya jiko, hata kama hana kosa lolote. Mazoea haya hayaletwi na ile kaulimbiu iliyopakwa rangi ukutani. Huletwa na wakubwa wa shule, na hasa kwa jambo moja: je, wao hufanya nini mtu akiwaletea habari mbaya?

Sisi watoto wa wavuvi tunalielewa hili upesi. Mtumbwi ukianza kuingiza maji, anayeona kwanza ni yule aliyekaa karibu na tobo, na mara nyingi huyo ni kijana mdogo anayechota maji kwa kopo. Nahodha akiwa mtu wa kumkemea kila afunguapo kinywa, kijana atanyamaza. Basi wengine watajua wakati miguu imelowa.

Shuleni aliye karibu na tobo ni mwanafunzi. Yeye ndiye anayejua kwamba maharagwe yana wadudu, kwamba wadogo wanapigwa usiku bwenini, na nani ameficha petroli chini ya kitanda. Petroli! Usidhani natia chumvi. Mwaka wa 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja 4 walichomwa usiku na wanafunzi wenzao ndani ya chumba chao. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa kule Kyanguli, Machakos, na miongoni mwa manung'uniko yaliyotajwa ni matokeo ya mtihani yaliyofutwa. Moto wa namna hii huanza na minong'ono, na minong'ono haimfikii mwalimu ambaye watu humkimbia.

Sasa tumtazame mkuu mmoja aliyefanya vingine. Geoffrey Griffin, pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, walianzisha Starehe mjini Nairobi mwaka wa 1959. Kabla ya hapo walikuwa wamefanya kazi Wamumu, katika kambi ya vijana waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari. Kwa hivyo walijua vizuri kijana mwenye hasira yukoje. Starehe ilianza kwa vibanda viwili vya bati, ikipokea watoto maskini na mayatima. Griffin aliiongoza mpaka alipofariki mwaka wa 2005, na katika miaka hiyo yote shule ikajulikana kwa nidhamu na kwa kufaulu mitihani.

Siri yake ilikuwa nini? Wengi hutaja viranja wake na ratiba iliyobana. Mimi naona kubwa zaidi lilikuwa baraza. Kila wiki mkurugenzi alikaa na wavulana, na mvulana yeyote aliweza kusimama mbele ya wote akasema kinachomkera, hata kama ni juu ya chakula au juu ya kiranja, bila kuadhibiwa kwa kusema. Kinachorekebishika kilirekebishwa. Kisichowezekana kilielezwa kwa nini hakiwezekani. Angalia vizuri hapo mwisho. Watu hudhani baraza ni kuwapa wanafunzi kila wanachotaka. La hasha! Ukijibiwa "hapana" pamoja na sababu, unatoka umetulia kuliko ukipewa "nitaangalia" ya kila muhula.

Serikali nayo imejaribu. Viboko vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na mwaka wa 2009 wanafunzi wa sekondari wakaanza kupata mabaraza yao na kuchagua viongozi wao wenyewe. Sheria ni nzuri, lakini haina masikio. Katika shule moja niliyowahi kusoma, ambayo sitaitaja, palikuwa na sanduku la maoni zuri sana, la mbao, limepakwa vanishi. Tuliandika, tukatumbukiza. Baadaye tukagundua ufunguo ulipotea tangu muhula wa kwanza! Toka siku hiyo sanduku likawa mahali pa kutupia maganda ya peremende, na maoni yetu yakahamia kwenye kuta za choo.

Hapa Turkana jambo hili lina uzito wake. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, na darasani mwake utawakuta watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi. Wengine wamekimbia vita ambavyo baba zao walipigana wao kwa wao. Mkuu wa shule kama hiyo akingoja ugomvi utokee ndipo aite watu, amechelewa. Kaka Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa Keriko katika kaunti ya Nakuru, aliyepata tuzo ya mwalimu bora wa dunia mwaka wa 2019, alianzisha chama cha amani katika shule yenye watoto wa makabila yaliyoumizana baada ya uchaguzi wa 2007. Wanafunzi walipanda miti pamoja na kujadiliana pamoja. Mtu uliyeshika naye jembe moja asubuhi ni vigumu kumrushia jiwe jioni. (Na sisi wa chama cha Kiswahili tuseme ukweli: mijadala yetu nayo huunganisha watu, ingawa wengine huja kwa ajili ya soda.)

Nimalizie na nililoliona mwenyewe katika shule nyingine. Mwalimu mkuu mpya alitukalisha chini ya mwakasia, naye akakaa kwenye kiti cha plastiki kama sisi, daftari mkononi. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Tuliangalia mchanga tu. Wiki ya pili mvulana mmoja wa fomu tu akauliza kwa nini githeri huja mbichi. Tulijua amekwisha. Mwalimu akaandika, akamwita mpishi hapo hapo, naye akasema kuni zinazoletwa ni mbichi. Ijumaa iliyofuata mwalimu alianza kwa kusoma daftari lake: kuni zimebadilishwa, lakini maharagwe yatabaki yale yale mpaka karo iingie. Watu walicheka. Kisha mikono kumi na kitu ikainuka.