Vidaka Vinapukutika? Tafuta Kunguni Kabla ya Kulaumu Jua

Vijana wa minazi, kila mara nasikia neno hilohilo: "Bwana shamba, vidaka vinamwagika, ni jua tu." Huenda. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka ambavyo hauwezi kuvilea. Lakini kabla hujalaumu jua, okota vidaka kumi chini ya mnazi uvitazame vizuri.

Kidaka kilichofyonzwa kina doa refu jembamba la kahawia, limebonyea, na mara nyingi limetoa utomvu ulioganda kama gundi. Kwangua kwa kisu: chini ya doa utakuta kumbi changa limekufa. Vidaka vinavyobaki juu hukua na makovu, vingine vikapinda, na dafu la namna hiyo mteja wa Forodhani analiweka pembeni. Usichanganye na utitiri wa nazi. Huyo huanzia chini ya kofia ya nazi, akaacha pembetatu ya kahawia inayopasukapasuka. Panya ndiyo rahisi, anatoboa tundu kabisa.

Mfyonzaji mwenyewe ni kunguni wa minazi: kahawia iliyoingia wekundu, urefu kama sentimita moja na nusu, papasi ndefu, mdomo kama mrija aliouficha chini ya kifua. Usitegemee kuona kundi. Wawili tu kwenye mnazi mmoja wanatosha kukutia hasara. Zamani watu walidhani ni ugonjwa, mpaka mtafiti Michael Way alipofanya kazi hapa Zanzibar na kuandika mwaka 1953 kwamba chanzo ni mdudu. Jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na yeye.

Way huyohuyo aliwachunguza pia maji moto. Mnazi wenye maji moto wengi, kunguni hapati pa kukaa. Sasa wewe unapiga dawa, unaua mlinzi kwanza! Najua wakwezi wanalalamika, wanang'atwa kweli. Bora umwongeze mkwezi chochote kuliko kuua maji moto.

Mnazi usio na maji moto, ufungie kamba kutoka kwenye mnazi wa jirani walio nao, watavuka wenyewe. Usibebe kiota cha kundi jingine ukawawekea, watapigana. Halafu angalia shinani: ukiona sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi wana vichwa vikubwa mno, hao ndio wanaowafukuza maji moto, shughulika nao kwanza.

Na mwembe au mpera uliopo katikati ya minazi ukague pia, kunguni huyu anakula huko vilevile.