Boila Ikigoma: Jinsi ya Kutafuta Kosa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaeleze wasomaji jambo moja la maisha ya huku Uingereza lisilopatikana katika vitabu vya jiografia. Nimechagua boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, mtambo huu hufanya kazi kwa kanuni zile zile tulizofundishwa katika chumba cha fizikia cha shule yetu. Pili, ukigoma, njia ya kutafuta kosa lake yafaa kwa mashine yoyote, iwe baiskeli, cherehani au pampu ya kisima.

Nakaa mjini Sheffield katika nyumba ya kupanga, pamoja na ndugu mmoja wa kwetu, mkewe na mtoto wao wa miezi mitano. Kuanzia Desemba mpaka Februari baridi ni kali, na usiku mwingine maji huganda nje. Nyumba isiyo na joto si taabu tu. Ni hatari kwa wazee na watoto wachanga.

Boila yetu ni sanduku la chuma lililotundikwa ukutani jikoni. Ndani yake gesi huungua na kupasha maji moto. Pampu ndogo ya umeme huyasukuma maji hayo katika mabomba mpaka kwenye rejeta, nazo ni vyuma bapa vilivyowekwa ukutani katika kila chumba. Jina ni lile lile la rejeta ya motokaa, ila ile hupoza injini na hii humpasha mtu joto. Maji yakiisha kutoa joto lake hurudi kwenye boila kupashwa tena. Maji hayo ni yale yale siku zote; hayanywewi wala hayaogwi.

Basi tuseme asubuhi moja umeamka, na rejeta zote ni baridi. Ufanyeje? Kanuni ni hii: anza na lililo rahisi, gusa jambo moja tu, kisha tazama matokeo kabla ya kugusa la pili. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja na mtambo ukawaka, hutajua ni lipi lililouponya, na kesho ukigoma tena utakuwa pale pale.

La kwanza ni chakula cha mtambo. Boila ya gesi huhitaji umeme pia, kwa ajili ya pampu na cheche ya kuwashia. Tazama swichi na fyuzi. Kisha washa jiko la gesi: likikataa nalo, kosa haliko katika boila. Nyumba nyingi huku hulipia gesi kabla ya kuitumia, kama LUKU ya Tanzania, na mara nyingine ugonjwa wote ni salio lililokwisha. Tazama pia saa ya boila na themostati, yaani kidude cha ukutani kinachoiamuru boila iwake au izime. Kikiwekwa nyuzi 15 na chumba kina nyuzi 17, boila itanyamaza, nayo haina kosa lolote.

La pili ni geji ya presha. Mabomba yakiwa baridi, sindano yake yapasa kuonyesha baina ya 1 na 1.5 kwa kipimo kiitwacho baa. Presha ikishuka mno boila nyingi hujizima zenyewe, zisije zikaungua bila maji ya kutosha. Hapo hufunguliwa koki mbili ndogo za bomba la kujazia, maji yaingie polepole, kisha zifungwe zote mbili barabara.

Lakini kujaza maji si kutibu. Lazima tuulize, maji yamekwenda wapi? Januari moja sindano yetu ilishuka mpaka 0.3. Nilijaza mpaka 1.2 na nyumba ikapata joto. Baada ya siku mbili ikawa 0.4. Kuendelea kujaza ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Tena maji mapya huleta oksijeni mpya, na oksijeni huleta kutu ndani ya vyuma.

Hapo fizikia ilinisaidia. Maji yakipata moto hutanuka: lita 100 zikitoka nyuzi 10 mpaka nyuzi 70 huongezeka kwa lita 2 hivi. Kwa hiyo boila huwa na chombo kilichogawanywa kwa utando wa mpira, upande mmoja maji, upande mwingine hewa. Maji yakitanuka, hewa ile hubonyea na kuyapa nafasi. Hewa ikivuja, nafasi hupotea. Presha hupanda upesi maji yakipata moto, na ikifika 3 vali ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje. Boila ikipoa, sindano huanguka chini kabisa. Basi nilijaza tena, nikawasha, nikakaa nikiitazama sindano. Ilipanda kutoka 1.2 mpaka 1.6 tu. Nikajua chombo cha hewa ni kizima, na kosa liko katika mabomba.

Nilichukua karatasi kavu nikaifutisha kwenye kila kiungo, chumba baada ya chumba. Ghorofani, nyuma ya kitanda, karatasi ilitoka imelowa, na nati ya rejeta ilikuwa na ukoga wa kijani. Mwenye nyumba alimleta fundi, naye akabadili vali ile kwa muda wa nusu saa. Tangu siku hiyo sindano imetulia.

La tatu, ikiwa boila inawaka lakini chumba kimoja hakipati joto, papasa rejeta yake. Ikiwa baridi juu na moto chini, hewa imenaswa ndani. Zima boila, ngoja ipoe, legeza skrubu ya juu kwa ufunguo wake mdogo mpaka sauti ya hewa ikome na maji yaanze kutoka, kisha kaza, na utazame geji tena. Ikiwa moto juu na baridi chini, matope meusi ya kutu yametuama humo, nayo yataka kusafishwa na fundi.

La nne ni la siku za barafu. Boila za kisasa hupoza moshi wake mpaka mvuke uliomo ugeuke maji, na maji hayo hutoka nje kwa bomba la plastiki. Bomba likiganda, boila huguruma na kuzima. Katika baridi kuu ya Desemba 2010 nyumba nyingi za Uingereza zilipatwa na mkasa huu. Dawa yake ni kulimwagia bomba maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kisha kuiwasha boila upya.

Sasa nifikie mpaka wa mkono wa mtu asiye fundi. Kifuniko cha boila usikifungue. Huku sheria yataka kila fundi wa gesi awe ameandikishwa. Tangu mwaka 2009 daftari lao huitwa Gas Safe Register. Tena mwenye nyumba ya kupangisha hana budi kuleta fundi wa namna hiyo kuikagua boila kila mwaka. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi wala kiberiti: fungua madirisha, funga koki ya mita, toka nje ndipo upige simu.

Kuna adui mwingine asiye na harufu wala rangi. Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akidhani ni mafua. Tena hupata nafuu akitoka nje ya nyumba. Akilala usingizi huenda asiamke. Ndiyo maana tuna king'ora cha kuitambua sumu hii, nacho hukijaribu kila mwezi.

Hili la mwisho nawaachia wazazi na wanafunzi kwa mkazo, maana halikukaa Uingereza tu. Njombe, Lushoto, Limuru na kwingineko kwenye baridi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa uliokolea hautoi moshi, kwa hiyo huonekana salama. Kumbe hutoa sumu ile ile. Boila ina dohani yake, na fundi wa kuikagua. Jiko la mkaa halina. Ota moto mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala litoe jiko nje, hata kama makaa bado ni mekundu. Blanketi la pili ni bora kuliko joto hilo.