Nani Hulipwa Kwanza?

Katika somo lililopita tulieleza kwamba hisa ni sehemu ya mali ya kampuni. Leo twauliza: kampuni ikipata fedha, ni nani hulipwa kwanza? Mfano wetu ni bustani ya starehe ya Disney, karibu na Paris, Ufaransa.

Bustani hiyo ni kama mji mdogo, wenye ngome ya binti mfalme, magari ya moshi, michezo ya kila namna na mahoteli. Kuijenga kulihitaji mabilioni ya faranga. Mwaka 1989 hisa za kampuni iitwayo Euro Disney ziliuzwa. Kampuni ya Disney ya Marekani ilishika asilimia 49, kwa bei nafuu. Asilimia 51 waliuziwa watu wengine, kila hisa faranga 72. Fedha nyingi zaidi zilikopwa katika mabenki.

Angalieni vizuri. Wenye asilimia 51 walikuwa wengi, lakini uongozi haukuwa wao. Usimamizi uliwekwa mikononi mwa kampuni ya Disney wenyewe. Tena Disney walidai ada ya jina lao: asilimia 10 ya viingilio, na asilimia 5 ya vyakula na bidhaa. Ada hiyo ilitoka katika mapato, siyo katika faida.

Tofauti ni nini? Fikirini watu kumi walionunua jahazi, nusu kwa fedha zao na nusu kwa mkopo. Nahodha hukata fungu lake katika nauli ya kila safari. Mwenye kukopesha hudai riba yake kila mwezi. Wale kumi hugawana kinachosalia baada ya kununua tanga na kamba. Kisiposalia kitu, nahodha amekula, mkopeshaji amekula, nao wamelala na njaa.

Bustani ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Wageni walikuja kwa mamilioni, lakini walitumia fedha kidogo kuliko ilivyotazamiwa, na vyumba vingi vya hoteli vikakaa vitupu. Riba haikungoja. Katika mwaka wa hesabu wa 1993 hasara ilipita faranga bilioni 5. Mwaka 1994 mabenki yalilegeza masharti, Disney wakaacha ada yao kwa miaka kadhaa, na Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudia akanunua karibu robo ya hisa. Bustani ikaokoka, ila deni likabaki zito.

Mwaka 2007 hisa 100 ziliunganishwa kuwa 1. Mwaka 2017 Disney walinunua karibu zote zilizobaki kwa yuro 2 kila moja, na kampuni ikatolewa katika soko la hisa. Sasa shikeni kalamu. Hisa 100 za mwaka 1989 ziligharimu faranga 7,200, yaani karibu yuro 1,100. Aliyezishika tu bila kuongeza nyingine alibaki na hisa 1, ya yuro 2. Bustani yenyewe haikufa. Watoto wangali wakiijaza.

Basi, ndugu, ukiletewa karatasi ya hisa, usitazame uzuri wa jina. Uliza mambo matatu: Deni ni kiasi gani? Nani hukata fungu lake kabla ya faida? Nani aweza kumwondoa msimamizi? Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Jadilianeni maswali haya katika vikundi vyenu.

Kwa herini.