Andrei Tarkovsky: Watazamaji Wachache, Hadhi Kubwa

Umaarufu wa mwongozaji wa filamu, yaani wingi wa watu wanaotazama kazi zake, na hadhi yake, yaani nafasi anayopewa na wahakiki pamoja na waongozaji wenzake, ni mambo mawili yasiyolingana kila mara, na katika sinema ya Urusi anayelidhihirisha hilo vizuri ni Andrei Tarkovsky (1932–1986). Enzi za Muungano wa Kisovieti, aliyejaza majumba ya sinema alikuwa Leonid Gaidai, bingwa wa vichekesho, ambaye filamu yake ya mwaka 1969, Mkono wa Almasi, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 76. Tarkovsky hakuwahi kuukaribia umati huo.

Hata hivyo, tofauti hiyo haikutokana na ladha ya watazamaji peke yake. Studio zilikuwa mali ya dola, na Goskino, kamati ya serikali iliyosimamia sinema, ilipanga kila filamu katika daraja lililoamua idadi ya nakala zake. Andrei Rublev, inayomhusu mchoraji wa picha takatifu wa karne ya 15, ilikamilika mwaka 1966 lakini haikuruhusiwa kuonyeshwa nchini hadi 1971. Kioo (1975), inayochanganya kumbukumbu za utoto bila kufuata mpangilio wa matukio, iliwekwa daraja la chini, ikasambazwa kwa nakala chache. Hadhira iliyonyimwa filamu haiwezi kuhesabiwa kuwa imeikataa.

Ni kweli pia kwamba filamu zake zinadai subira. Tarkovsky aliifananisha kazi ya mwongozaji na kuchonga wakati, na kwa sababu hiyo aliacha kamera iendelee kunasa tukio kwa muda mrefu bila kukata picha: katika Nostalghia (1983), mtu anavuka bwawa lililokaushwa akilinda mwali wa mshumaa kwa takriban dakika 9, na mtazamaji anaubeba mzigo huo pamoja naye.

Nje ya nchi yake aliheshimiwa mapema. Utoto wa Ivan ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1962, na Solaris ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes mwaka 1972. Mwaka 1984 alitangaza kuwa hatarejea nyumbani, akafariki dunia Paris miaka miwili baadaye. Mwaka 1990 dola ileile iliyomzuia ikamtunukia Tuzo ya Lenin. Katika kura ya waongozaji iliyoendeshwa na jarida la Sight and Sound mwaka 2012, Kioo ilishika nafasi ya 9 duniani.

Tarkovsky aliacha filamu ndefu saba tu, nazo zatosha kuthibitisha kwamba idadi ya tiketi si kipimo pekee cha sanaa. Msomaji anayetaka kumfahamu na aanze na Utoto wa Ivan, yenye masimulizi yaliyonyooka kuliko zote, kisha aiendee Andrei Rublev bila haraka.