Utangulizi: Ugonjwa wa Mjamzito na Malipo ya Uzazi

Hili ni tawi la sheria ya kazi ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio, wakidhani ni kuhesabu siku za likizo tu. Anza na swali hili: mwajiriwa akiugua akiwa mjamzito, ugonjwa huo waweza kumpunguzia malipo ya uzazi? Waweza. Tena mara nyingi kinachoamua si ukali wa ugonjwa, bali wiki ulipomkuta.

Tuchukue Uingereza, maana huko hasara yenyewe inapimika kwa pauni. Malipo ya uzazi ya kisheria hudumu wiki 39. Wiki 6 za mwanzo mama hulipwa asilimia 90 ya wastani wa mapato yake ya wiki. Wiki 33 zinazofuata hulipwa kiwango maalumu, kilichokuwa pauni 187.18 mwaka wa fedha 2025/26, au ile asilimia 90 ikiwa ni ndogo zaidi. Sharti awe amemtumikia mwajiri wake wiki 26 mfululizo kufikia wiki ya 15 kabla ya ile ya kujifungua. Kulala mgonjwa hakukatizi mfululizo huo.

Shida iko kwenye wastani. Hukokotolewa kwa takriban wiki 8, ambazo huangukia karibu mwezi wa tano na wa sita wa mimba. Mwanamke anayepata pauni 400 kwa wiki, akiugua nusu ya kipindi hicho na kulipwa malipo ya ugonjwa ya kisheria pekee, yaliyokuwa pauni 118.75 kwa wiki mwaka huohuo wa 2025/26, wastani wake unashuka hadi kama pauni 259. (Hapo nimeacha pembeni siku 3 za mwanzo, ambazo mwaka huo hazikulipwa.) Zile wiki 6 atapata takriban pauni 233 badala ya 360. Akiugua wiki zote 8, wastani unaanguka chini ya pauni 125, kilichokuwa kiwango cha chini cha kustahili mwaka huo, na haki yote inapotea. Mwenzake aliyeugua mwezi wa tatu, akapona na kurudi kazini, hapotezi hata senti.

Hubakia posho ya uzazi ya serikali, ambayo humruhusu kuchagua wiki 13 zenye mapato mazuri kati ya 66 zinazotangulia ile ya kujifungua. Ni nafuu ya kweli, ila haina zile wiki 6 nono.

Mimi naona kanuni hii ni dhulma, hasa pale mimba yenyewe inapomwangusha kitandani. Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya McKenna ya 2005 iliyotoka Ireland, ilikubali mshahara wa mjamzito mgonjwa upunguzwe, mradi usishuke kiasi cha kuvuruga ulinzi wake. Mstari huo uchorwe wapi? Hapo ndipo utafiti unapohitajika.

Sheria ya kazi ya Tanzania haina mtego huo wa wastani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 zenye malipo, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Lakini daktari akithibitisha haja, likizo yaweza kuanza mapema kuliko wiki 4 kabla ya kujifungua, na siku za kuugua zikaanza kula muda wa mama na mtoto. Sheria hiyohiyo inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Ukimshauri mjamzito anayeumwa, soma kifungu cha 32 na cha 33 pamoja kabla hajajaza fomu yoyote.